Makato ya Unyevu

Siku ya kwanza bila ajira niliamka saa kumi na moja alfajiri,
nikavaa shati la kazi, nikafunga vifungo vyote,
ndipo Somoe akauliza kutoka gizani:
"Unakwenda kumpima nani?"

Nikakaa kitandani, viatu mkononi.
Miaka ishirini na mitatu ghalani Tandahimba,
karani wa mizani. Gunia linapanda, mshale unatetemeka,
natamka namba, na namba inakuwa mwaka mzima wa mtu.
Ilipokuja mizani mpya, inayojisomea yenyewe kwa taa nyekundu,
niliandika barua ya kuacha kabla hawajaniandikia yangu.
Nina hamsini na moja. Sijazeeka wa kupishwa kiti,
wala si kijana wa kuambiwa, "Tutakupigia."

Kiinua mgongo kiliingia Jumanne.
Jumatano simu ikaanza kunisalimia kwa adabu:
shemeji wa Ndanda ana mpango wa bodaboda mbili,
binamu wa Kitangari ameota kisima,
mtu nisiyemjua ananiita Mkurugenzi.
Pesa ya mkupuo ni kama mabibo yaliyoiva,
huwezi kuyaficha ndani ya nyumba.

Somoe alichukua daftari la mtoto lenye kurasa zilizobaki,
akachora mistari kwa ubapa wa kisu,
rula ilishapotea tangu darasa la nne.
Salfa ya mikorosho arobaini na sita.
Ada ya Asumini.
Bati kumi na mbili, upande wa jiko.
Dawa ya presha (yangu).
Chini kabisa: Ya kutoguswa.
Akaipigia mistari miwili, kisha akanitazama
kana kwamba panya ni mimi.

Tukagawa kwa miezi. Tukagawa tena.
Nyama ikawa ya Ijumaa,
gazeti nikalisoma kwa fundi cherehani, la juzi.
Hesabu ilikaa.
Haikukaa saa nne asubuhi.
Saa nne haikuwa na mwenyewe. Nilizunguka nayo uani
nikipima ndoo kwa mkono, kuku kwa jicho,
nikamwambia jirani mbuzi wake ana kilo kumi na tisa.
"Simuuzi," akajibu.

Kisha akaja Bibi Nampunga, kwa miguu kutoka Mahuta,
stakabadhi kaifunga ndani ya mfuko wa chumvi.
"Wewe unazijua karatasi zao. Nisomee."
Ya msimu wa zamani. Magunia manane.
Makato ya unyevu: kilo mbili kila gunia.
Unyevu gani? Mwaka ule korosho ziligongana kama kokoto.
Na chini, sahihi: mkia wa herufi unaopinda kushoto.
Yangu.

Naweza kusema niliagizwa. Niliagizwa.
Naweza kusema hata kalamu ilikuwa ya ghala.
Kilo kumi na sita, nikazisoma kwa sauti.
Hakushtuka. "Nilijua," akasema.
"Nilitaka kuzisikia zikitoka kwenye mdomo."

Sasa kila Jumamosi natoa meza barazani.
Wanakuja na karatasi zilizolowa jasho, zilizokunjwa mara nane,
nami kwa penseli naonyesha namba ilipoteleza.
Nilitaka iwe bure; Somoe akakataa:
"Bure ni ya siku tatu. Kazi ina malipo."
Basi ming'oko, mayai, mwenye elfu moja anatoa elfu moja,
inaingia kwenye mstari aliouita Ndogo.
Wiki iliyopita ghala lilimtuma kijana mwenye kitambulisho shingoni
aulize nimeruhusiwa na nani.
Nikampa kiti. Akaomba nimtazamie na hati ya mshahara wake.

Na daftarini upo mstari mwingine, hauna jina:
kilo moja kila mwezi, kwa bei ya msimu ule, ya Bibi Nampunga.
Ilibidi tuiguse ile ya kutoguswa.
Somoe mwenyewe ndiye aliyefuta mistari miwili.

Saba zimelipwa. Bado tisa.
Bibi anazihesabu noti mbele yangu, kisha anazihesabu tena,
akilowesha kidole.
Simlaumu. Mimi ningehesabu mara tatu.